Reli Kwenye Mkono wa Libaya

Patroni zangu, vielelezo vya kukatia nguo, zinaning'inia kwenye misumari, ukutani, upande wa dirisha la nyuma. Kila mteja ana msumari wake na jina lake kwa kalamu nyekundu. Mafundi wengine wa hapa Johannesburg hukata patroni kwa karatasi ya kaki, wengine kwa magazeti yanayochanika wiki ya pili. Mimi nakata kwa ramani.

Ilikuwa hivi. Miaka tisa iliyopita, wapimaji ardhi wa ghorofa ya nne ya jengo letu walifunga ofisi. Waliacha kwenye korido viti vilivyovunjika, kabati la bati, na rundo la ramani lililonifika kiunoni, vyote vikisubiri gari la taka. Nikainama, nikashika moja. Karatasi nene, ya zamani, na nyuma yake imebandikwa kitambaa cheupe cha pamba, kimefumwa kweli kweli. Patroni ya namna hiyo haichaniki wala haijikunji. Pini inaingia na kutoka mara mia. Siku ile nilipanda na kushuka ngazi mara sita, na wale wa kanisa la ghorofa ya kwanza wakaniuliza kama nahama.

Kilichochorwa upande wa mbele sikukijali. Mistari ya kahawia inayojizungusha kama alama ya dole gumba, mistari ya buluu, vidoti vyeusi, majina ya Kiafrikana. Kusoma najua, nilifika darasa la sita kwa masista kule kwetu Likasi, lakini nilikuwa na blauzi za kwaya ishirini na nne (kwetu tunasema libaya, mabaya) za kushona kabla ya Pasaka. Nikalaza ramani kifudifudi, nikachora kwa chaki upande wa kitambaa, nikakata.

MaMahlangu ndiye anayetia vifungo na kushona pindo kwa mkono humu ndani. Tumekaa naye chumba kimoja miaka kumi na mmoja. Yeye ni mwenyeji wa nchi hii, Mndebele, miaka yake imenipita miwili. Kiswahili amekiokota kwa wateja wangu, mimi nimeokota Kizulu kwake, na tunapokwama tunamalizia kwa mikono. Ni mtu wa kushona huku ameziba mdomo, pini nne katikati ya midomo, akizitoa moja moja.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, baridi kali, alinipa blauzi ya mteja. Nikaitazama, nikaitazama tena.

"MaMahlangu, vifungo umeviweka upande wa wanaume."

"Vifumue."

"Sijasema nitafumua. Nimeuliza una nini."

"Hujauliza, Marcelline."

"Basi nauliza sasa."

Alitema pini kwenye kiganja, akazichomeka kwenye kile kimto chake, zote nne, bila haraka. Kisha akanieleza.

Baba yake alichimba makaa ya mawe kule kwenye nyanda za majani, mwendo wa saa mbili na nusu mashariki ya Johannesburg. Hapo ndipo alipozaliwa yeye, katika kambi ya wachimbaji. Mgodi ulifungwa mwaka sabini na nane, watu wakaondolewa, nyumba zikabomolewa. Sasa kampuni nyingine inataka kuchimba upya, shimo la wazi, na sheria inasema makaburi yahamishwe kwanza. Wakatangaza redioni: mwenye marehemu wake pale aje aonyeshe. Siku ya mwisho ni Jumamosi hii.

"Mama yako yuko huko?"

"Mama amelala Soweto. Baba pia. Ni mdogo wangu." Akainua mikono, akapima hewa mbele ya kifua, urefu wa mkate mmoja. "Wiki tano. Mwaka sitini na tatu. Mimi nilikuwa na miaka saba."

"Si yuko makaburini na wengine?"

"Hau! Mtoto wa wiki tano apelekwe kulala na wazee asiowajua?" Aliniangalia kama nimesema neno la kitoto. "Mtoto mchanga anazikwa nyumbani. Nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapomwagwa, ardhi isikauke, asione joto. Wanawake peke yao. Wanaume hawaitwi, wala kampuni haiambiwi. Nilishika beseni, mama na jirani yetu MaSkosana wakachimba."

Kwetu bibi yangu alizika wawili hivyo hivyo, chini ya ukingo wa paa, na sikuwahi kumwambia mtu.

Jana yake, Jumapili, mpwa wake alikuwa amempeleka. Alikuta majani tu, ya kahawia, yanayofika kiunoni. Dada mmoja mwenye koti la kung'aa, anayesimamia kazi ya makaburi, alimsikiliza vizuri, hakumcheka. Alimwita Gogo, yaani bibi, akasema: "Gogo, makaburini tumehesabu arobaini na moja, wote tutawahamisha. Lakini huyu wako lazima unionyeshe mahali. Siwezi kuchimbua nyika nzima." MaMahlangu alizunguka kutwa. Kila alipodhani ni hapa, jua lilikuwa upande usio wake.

"Mama alipokuwa anakufa," alisema, "aliniambia neno moja tu. Usimwache peke yake." Akachukua sindano, akaiweka chini. "Wakianza kuchimba makaa, watamtupa na udongo wa juu."

Nikampa chaki. "Nichoree."

"Nichore nini?"

"Kwenu. Hapo mezani."

Alikataa, akacheka, akasema yeye si mtoto wa shule. Kisha akachora. Reli ikija imenyooka, ikifika mgodini inapinda kama kiwiko. Mnara wa mgodi. Bwawa, na kando yake pampu ya upepo iliyowavutia maji ya kunywa. Duka la Mhindi lenye sakafu nyekundu. Safu nne za nyumba. Upande wa pili wa bwawa, peke yao, wazungu watano, kila nyumba na bustani.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na pasi mkononi. Ile reli niliifahamu. Sikujua naifahamu kutoka wapi. Kwanza nilidhani ni ya kwetu Likasi, maana kambi ya baba yangu nayo ilikuwa na reli na safu na mabwana ng'ambo ya maji. Lakini macho yangu yaliifahamu kwa namna ya kazini.

Ukikata mkono wa nguo, lazima patroni iwe na mstari unaokuonyesha uzi wa kitambaa unakwendaje. Mstari usipokuwepo, mkono unajisokota. Kwenye patroni moja sikuchora mstari huo, kwa sababu upande wa ramani ulikuwa tayari na mstari mweusi wenye vikato vidogo, umenyooka vizuri kuliko rula yangu. Miaka tisa nilikuwa nalinganisha uzi wa kitambaa na reli.

Nikatembea hadi kwenye misumari. Mama Carmel, libaya la mikono mifupi. Nikaugeuza ule mkono, nikauweka juu ya meza kando ya chaki yake.

MaMahlangu alitafuta miwani. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi. Alifuata reli kwa kucha ya kidole kidogo, polepole, mpaka inapopinda.

"Eish," alisema. "Eish, Marcelline. Umeniwekea kwetu kwenye kwapa."

Tulicheka mpaka wale wa saluni ya nywele wakaja kuchungulia. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu mkono ule ulikuwa na reli, mnara wa mgodi na duka, na baada ya duka ulikuwa mkato wa mkasi wangu. Bwawa halikuwepo. Nyumba hazikuwepo.

Jioni ile hatukushona. Tulishusha patroni zote, misumari hamsini na saba, tukazipindua sakafuni upande wa ramani juu. Mjukuu wangu Gaëlle alitoka chuoni akatukuta tumepiga magoti. Gaëlle amezaliwa hapa, anasikia Kiswahili chote na anajibu kwa Kiingereza, lakini akishangaa humtoka Kiswahili.

"Kaku, mnafanya nini chini?"

"Tunatafuta kijiji. Vua viatu."

Yeye ndiye aliyepata kipande cha pili, mgongo wa Mama Victoire, mtu mnene, Mungu ambariki, kwa hiyo nchi kubwa ilienea hapo: kijito, bwawa na zile nyumba tano za wazungu. Kila nyumba ilichorwa peke yake, na miti yake, na njia ya gari. Kipande cha tatu kilikuwa mkanda wa kiuno. Nilikuwa nimeukata kwenye ukingo wa chini wa ramani, wenye maandishi. Gaëlle akasoma: ilipimwa mwaka sitini na moja, na kipimo chake, inchi moja ya karatasi ni futi mia mbili za ardhi.

"Inchi?" niliuliza. "Si sentimita?"

"Inchi, Kaku. Ni ya zamani."

Basi nikavuta futi yangu ya kupimia shingoni na kuigeuza upande wa inchi. Miaka yote natumia upande wa sentimita tu kupima vifua vya watu.

Tuliviunganisha vipande pembe kwa pembe. Katikati, kati ya duka na bwawa, lilibaki tundu. Na safu za nyumba zilikuwa humo. MaMahlangu aliweka kiganja juu ya tundu, akakiacha pale.

"Hapa palikuwa nini?" aliuliza. "Nguo gani?"

Nikafikiri. Mkono, mgongo, kiuno. Kilichobaki ni kola, ile kola pana inayolala mabegani. Kola ile nilimpa Agnès alipomaliza kujifunza kazi kwangu, pamoja na mkasi, akaenda kufungua duka lake Fordsburg.

Nilimpigia kesho yake asubuhi. "Agnès, ile kola bado unayo?"

"Maman Marcelline! Salamu hakuna, kola tu? Umeishiwa mtindo?"

"Nataka kuiona."

"Hiyo kola imenilisha miaka mitano. Haitoki dukani bila mimi."

"Basi njoo nayo."

Alikuja mchana, na kucha zake ndefu na gari lake la mlango wa nyuma usiofunga, akalalamika kuhusu maegesho, akalalamika kuhusu ngazi. Kola aliibeba kwenye bahasha ya plastiki kama cheti cha ndoa. Tulipomweleza alitaka kucheka, akamwona MaMahlangu, akaacha. Alipiga magoti mwenyewe, akaiingiza kola kwenye tundu, akaizungusha mara mbili. Ikakaa.

Safu za nyumba zilikuwepo. Lakini nisikudanganye, hazikuwa nyumba. Wazungu watano walichorewa kila mmoja nyumba yake. Wachimbaji walichorewa fito nne nyeusi zilizolala sambamba, na neno moja: Kambi. Hata jina la mahali lilikuwa la shamba la Kiafrikana, Vaalkuil. MaMahlangu hajawahi kulisikia. Wao waliita KwaMshini, kwa ile mashine ya mgodi. Na shingo ya kola, pale nilipokata duara la kupitisha kichwa, ilikuwa imemega katikati ya ufito wa tatu. Kipande kile cha duara nilikitupa mwaka ule ule nilipokikata. Hakuna wa kumpigia simu.

"Ni ufito wa tatu kwetu," MaMahlangu alisema. "Bila shaka ni wa tatu."

Nilimtazama. Nilijua tundu lile limekula nini. Mkasi ulikuwa wangu.

"Nisamehe," nilimwambia.

"Kwa nini? Ungeiacha, gari la taka lingeichukua yote."

Agnès akaweka rula juu ya ufito, akauvusha ng'ambo ya tundu kwa penseli mpaka ukakutana na upande wa pili. "Mstari unajulikana," alisema. "Nyumba ndiyo haijulikani."

"Nilitumwa maji kila siku," MaMahlangu alisema. Akafunga macho. "Unatoka kwenye pampu, unaingia safu ya tatu. Mlango wa kwanza, MaSkosana, ana mbwa, unapita mbio. Wa pili, MaMtsweni. Wa tatu, yule mzee wa Msumbiji anayeoka mkate, unapita polepole. Wa nne hawana watoto. Wa tano sisi."

"Na safu nzima ina milango mingapi?"

"Kumi na miwili."

Hiyo sasa ni hesabu ya fundi. Vifungo kumi na viwili kwenye urefu unaoujua; kifungo cha tano kiko wapi? Niligawa ufito wote, nikatia alama kwa pini. Kisha nikapima, mara tatu, kwa sababu kitambaa cha ramani huvutika kidogo. Kutoka kwenye pampu, inchi tatu na nusu. Kutoka kwenye pembe ya duka, inchi tano kasoro robo. Gaëlle akageuza kwenye simu: mita mia mbili na kumi na tatu, na mita mia mbili na tisini.

Jumamosi tulitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Agnès anaendesha, Gaëlle mbele na ramani mapajani, sisi wawili nyuma chini ya blanketi moja, na ule mlango umefungwa kwa utepe wa lasi. Kulikuwa na sakitu nyeupe, umande ulioganda, juu ya majani pande zote. Anga ni kubwa kule, sijui watu wanajificha wapi wakitaka kulia.

Yule dada wa koti la kung'aa alitupokea. Nikamkunjulia ramani juu ya boneti. Aliangalia kola, akaangalia mkono wa libaya.

"Nani alifanya hivi?"

"Mimi," nilisema. "Kukata na kuunganisha."

Aliinama juu yake muda mrefu. Kisha akamwuliza MaMahlangu: "Gogo, siku ile ulifika kwa barabara hii ya lami?"

"Ndiyo."

"Kwenye ramani haipo. Ninyi mlikuwa mnaingia kwa reli, upande wa pili kabisa. Jumapili ulikuwa umeingia nyumbani kwako kwa nyuma."

MaMahlangu aligeuka, akaipa barabara mgongo. Akatazama kule ilikotoka reli, akageuza kichwa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Nikaona mabega yake yanashuka, kama ya mtu aliyevaa nguo kinyume akagundua.

Pampu tuliipata kwanza. Vyuma viliuzwa zamani, ila visiki vinne vya zege vilikuwa palepale kando ya ukuta wa bwawa. Duka lilitutoa jasho. Gaëlle ndiye aliyekanyaga, akaparuza kwa kiatu, ikatokea sakafu nyekundu bado inateleza.

Yule dada alikuwa na kipimo kirefu cha utepe, na wenzake wawili walikuwa na kingine. Alitaka kujua tutapataje pembe. Nikamwambia hatuhitaji pembe. Ukitafuta ncha ya bega, unapima kutoka shingoni na unapima kutoka kiunoni, pale vipimo viwili vinapogusana ndipo bega lilipo. Nilishika ncha pampuni, Agnès akashika ncha dukani, yule dada na wenzake wakavuta kila upande, mita mia mbili na kumi na tatu, mita mia mbili na tisini, wakitembea kwenye majani kama watu wanaotandika shuka kubwa. Vipimo vile hugusana mahali pawili, kila upande mara moja, lakini pa pili paliangukia ndani ya bwawa. Walipokutana walisimama. Yule dada akachomeka fimbo.

Hapakuwa na kitu. Majani. MaMahlangu alisimama mbali kidogo, mkoba wake umekumbatiwa kifuani, hakusogea.

Wakafyeka. Wakaparuza kwa majembe, kidogo kidogo, na mita mbili kutoka kwenye fimbo ikatokea safu ya mawe, imenyooka, halafu kona, halafu kizingiti cha saruji kilichobonyea katikati kwa kukanyagwa. MaMahlangu alikuja mwenyewe. Alivuka kizingiti, akapita chumba, kwa hatua ndogo, za mtoto, akatoka kwa mlango wa nyuma ambao haupo. Akahesabu hatua nne. Akageukia kulia, hatua moja.

"Beseni nililiweka hapa," alisema. "Wao walikuwa hapo."

Yule dada alipiga magoti, akatoa udongo wa juu kwa mwiko mdogo, kama mtu anayepakua chakula cha moto. Kisha akatuonyesha: ndani ya udongo mwekundu, duara la udongo mweusi zaidi, laini, na mawe matatu bapa yamepangwa juu yake.

"Hapa palichimbwa na mtu na pakafunikwa na mtu," alisema. "Leo sitaenda zaidi. Tutamtoa kwa utaratibu, Gogo, wewe ukiwepo."

"Nitakuja na tawi la mti wetu, lile la kumbebea roho," MaMahlangu alisema. "Nitamwambia tunakwenda Soweto, kwa mama. Njiani nisisemeshwe na mtu."

"Hakuna atakayekusemesha."

Akaleta fomu. Jina la marehemu? MaMahlangu alisema: "Mthunzi. Mthunzi Mahlangu." Agnès alinishika mkono. Mimi mwenyewe, miaka kumi na mmoja, jina lile sikuwahi kulisikia. Umri? Wiki tano. Uhusiano na mwombaji? Yule dada hakuuliza hilo, aliandika mwenyewe.

Wakaweka bendera ndogo za njano kuzunguka mahali pale, wakaenda kumalizia kazi yao makaburini. Gaëlle na Agnès wakarudi garini kutafuta chai. Upepo ulikuwa umeanza. MaMahlangu alivua viatu, akaketi chini, miguu imenyooka mbele kama wanavyoketi wanawake wa kwao, mkono mmoja juu ya udongo.

"Marcelline, kaa upande huu. Unikingie upepo."

Nikakaa. Akaanza kumweleza mdogo wake, kwa Kindebele, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za wiki. Niliokota nusu tu. Baba aliugua mapafu. Mama alihamia kwa shangazi. Nani alioa, nani hakurudi. Watoto wake yeye, wanne, majina yao kwa mpangilio, na wajukuu. Alisimulia nyumba, na mtaa, na treni, na mjini, na chumba chenye cherehani tatu. Hapo nikasikia jina langu. Alilitaja mara mbili, polepole, ili mtoto alishike, na akanigusa goti.

Nikainamisha kichwa, kama mtu anavyofanya anapojulishwa kwa wenyeji.